Kura ya Mtaa na Amana Inayobaki Baada Yake

Juma hili napenda tuzungumze jambo ambalo wengi wetu huwaachia wanasiasa na mabwana wa ofisini, ilhali lafika hadi kizingiti cha jiko letu. Jambo lenyewe ni mpango wa mtaa, na kura inayoupitisha.

Nimelifikiri sana jambo hili tangu niliporudi safari ya bara. Nilikwenda Bungoma kuhudhuria arusi, kisha nikapanda gari kwenda Kitale kumzuru binti wa marehemu kaka yangu, aliyeolewa huko miaka kumi na miwili iliyopita. Tulipita Chwele na Kimilili, tukatokea Kamukuywa, tukaishika barabara ya Kiminini hadi mjini. Mkono wa kushoto ulisimama Mlima Elgon, na mahindi yalikuwa kila upande. Kitale si kijiji tena. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliuhesabia mji ule watu 162,174, na kila aliyefika hapo, awe mkulima, mchuuzi au mtumishi, alitafuta pa kulaza ubavu. Mitaa imeota upesi kuliko njia zake.

Nyumba ya binti yangu imo katika mmoja wa mitaa hiyo. Sitautaja jina, kwani nia yangu si kumshitaki mtu. Tulipomaliza kunywa chai ya jioni alinichukua hadi nyuma ya nyumba, akanionyesha alama nyekundu iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa vyumba viwili ambavyo mama mkwe wake, mjane wa miaka mingi, huvipangisha.

"Ami," akaniambia, "alama hii ilipakwa asubuhi, sisi tumepeleka watoto shule."

"Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa kuna mpango wa mtaa. Tukaitwa mkutanoni, tukaulizwa kama twataka barabara na maji. Nikanyoosha mkono. Nani atakataa maji, Ami? Na mama naye akanyoosha wake."

"Na ramani, mwanangu, mliiona?"

"Ilitundikwa ukutani, imeandikwa Kiingereza. Sisi wanawake tulikaa nyuma."

Nikamuuliza kama basi anaipinga barabara. Akatikisa kichwa. "Barabara ni haki. Mwaka juzi moto ulipoishika nyumba ya nne kutoka hapa, gari la zimamoto lilikwama kule njia kuu, watu wakazima kwa ndoo. Sikatai barabara. Nataka kujua mama atakula nini vyumba hivi vikiondoka."

Nililala usiku ule nikiyapima maneno yake. Mama na mkwewe hawakudhulumiwa kwa kunyimwa kura, kwani kura walipiga. Kilichowapita ni kujua wanapigia kura kitu gani. Na ilipokwisha pigwa, hapakuwa na mtu mtaani aliyeushika mpango ule mkononi akaweza kusema: hapa ndipo ulipofika, na hiki ndicho tulichoahidiwa.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu hatuijui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu chake cha 90, imeiruhusu serikali ya kaunti kuitisha kura ya maoni ya mahali, yaani ya eneo lile tu linalohusika. Kura hiyo yaweza kuwa juu ya sheria za kaunti, au juu ya maamuzi ya mipango na uwekezaji. Lakini kwa hayo ya mipango, sharti kwanza wananchi walete ombi lililotiwa sahihi na robo ya wapiga kura walioandikishwa katika eneo hilo. Mathalan, ikiwa eneo lina wapiga kura 4,000, zahitajika sahihi 1,000. Kwa hiyo mipango mingi haipiti njia hiyo. Hutangazwa, wananchi huitwa watoe maoni, kisha hupelekwa katika bunge la kaunti. Mikono inayonyooshwa mkutanoni ni sehemu ya maoni hayo. Si kura ya maoni ya kisheria, ingawa wanaoinyoosha hudhani wamekwisha kata shauri.

Hapa pana jambo linalowagusa akina mama zaidi ya wengine. Robo hiyo ni ya walioandikishwa mahali pale. Ni wangapi katika mabinti zetu walioolewa mbali wangali katika daftari la wapiga kura la kwao? Binti yangu huyu amekaa Kitale miaka kumi na miwili, amezaa huko watoto watatu, na jina lake la mpiga kura liko Mombasa. Siku sahihi zitakapokusanywa kuhusu njia inayopita jikoni kwake, sahihi yake haitahesabiwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Basi tumwendee afisa wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, tuhamishe usajili wetu hadi pale tunapolala na kuamka. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sisemi kwamba watu wetu hawajui kupiga kura kwa maarifa. Twaikumbuka kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, ile ya ndizi na chungwa, na twaikumbuka zaidi ya tarehe 4 Agosti 2010 iliyotupa Katiba tuliyo nayo. Katika ile ya pili Mahakama za Kadhi zilikuwa katikati ya mabishano. Bibi zetu ambao hawakuwahi kukaa darasani walikwenda vituoni wakijua wanachokitaka, kwa sababu walielewa kwamba mahakama zile ni ndoa, talaka na mirathi ya watoto wao. Jambo lilikuwa limefafanuliwa misikitini, madrasani na barazani kwa lugha yao. Ramani ya mtaa haina ugumu kuliko mirathi. Aliyeweza kuelewa fungu la mke na fungu la binti ataelewa upana wa njia na mahali pa bomba, akielezwa.

Na mji wa Kitale wenyewe una historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2001, Baraza la Manispaa ya Kitale pamoja na shirika lijulikanalo leo kama Practical Action, kwa fedha za serikali ya Uingereza, walifanya kazi ya kupanga mitaa kwa kuwashirikisha wakazi wake. Mitaa mitatu ilihusika: Kipsongo, Shimo la Tewa na Tuwani. Wakazi wenyewe walishiriki kuichora hali ya mitaa yao na kusema nini kitangulie, na maji, vyoo na njia za kupitia vikawa miongoni mwa yaliyopewa uzito. Msomaji wa pwani atashangaa kuisikia Shimo la Tewa mbali kiasi kile na bahari, lakini ndivyo unavyoitwa mtaa ule. Ninachotaka tukizingatie ni hiki: wakati ule Katiba ya sasa haikuwako, wala kaunti hazikuwako, na bado wakaazi wa mitaa maskini waliweza kukaa na mabwana mipango na kuzungumzia mtaa wao.

Kisha mwaka 2013 ukaja uchaguzi wa mwezi Machi. Mabaraza yote ya manispaa yakavunjwa, na kazi zao zikachukuliwa na kaunti mpya. Baraza la Kitale likaondoka na muhuri wake. Funzo lake kwetu ni kwamba ofisi huja na kuondoka, na mpango uliowekwa kabatini mwa ofisi waweza kuondoka na kabati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayebaki ni mkaazi, naye akiwa hana nakala wala hajui kilichoandikwa, kila afisa mpya atakuja na karatasi mpya.

Mwezi ule ule wa Machi 2013, huko Uingereza, watu wa Upper Eden katika jimbo la Cumbria walipiga kura juu ya mpango wa eneo lao. Ulikuwa wa kwanza nchini humo kupitishwa kwa njia hiyo, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2011. Sheria ile yasema kwamba zaidi ya nusu ya waliopiga kura wakisema ndiyo, halmashauri yawajibika kuutia mpango nguvu. Kule Upper Eden, katika kila kumi waliopiga kura, kama tisa waliunga mkono. Lakini waliojitokeza walikuwa kama thuluthi moja tu ya walioandikishwa. Kwa hiyo hata penye sheria iliyonyooka na watu waliozoea kura, wengi walibaki majumbani. Kura peke yake haimleti mtu kwenye mpango. Humleta mazungumzo yaliyoitangulia.

Mazungumzo hayo yawezekana hata penye watu wengi sana. Mwezi Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu. Huko waishi watu wa familia kama laki moja, katika mabanda yaliyobanana. Wakazi walijipanga kumi kumi: nyumba kumi zikatoa msemaji, makundi kumi ya namna hiyo yakaungana, na kuendelea hivyo hadi sauti ya mlango mmoja ikapata njia ya kufika juu. Mama asiyeweza kuacha mtoto mgonjwa kwenda mkutanoni aliweza kusema neno lake kwa jirani wa mlango wa pili. Hili si geni kwetu. Ndivyo tunavyojipanga kwa harusi na kwa maziko.

Sasa ndugu zangu, turejee katika mafunzo ya dini yetu. Kushauriana ni jambo kubwa hata sura nzima ya Qur'ani imepewa jina la Shura. Lakini leo nataka nikumbushe kisa kimoja ambacho aghalabu husomwa kwa ajili ya mambo mengine. Mwaka wa sita wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alifunga mapatano na Makureshi pale Hudaybiya. Mapatano yalikwisha andikwa. Maswahaba walikuwa wametoka Madina wakitaraji kuizuru Al-Kaaba mwaka ule, na sasa wakaambiwa warudi. Mtume akawaamuru wachinje wanyama wao na wanyoe, na kwa uzito wa huzuni hakuinuka mtu. Akaingia hemani kwa mkewe, Ummu Salama (r.a.), akamweleza yaliyotokea. Yeye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na amwite kinyozi wake. Mtume akafanya hivyo. Watu walipomwona wakainuka wote, wakachinja na kunyoana.

Tuangalie vizuri lini shauri lile lilitolewa. Lilitolewa baada ya mapatano kutiwa muhuri, pale karatasi ilipokuwa tayari na watu wamekwama. Na aliyeijua njia ya kuitoa karatasi kwenye maandishi hadi kwenye matendo alikuwa mwanamke, hemani mwake. Basi asituambie mtu kwamba mipango ni mambo ya wanaume, au kwamba siku ya kura ikipita kazi imekwisha. Siku hiyo ndipo amana huanza.

Kwa hayo, nawaomba wasomaji wa Kitale, wa Bungoma, na ninyi wa pwani ambao mipango ya aina hii yawafikia pia, myashike mambo machache.

Kwanza, kabla ya kunyoosha mkono, mtake mpango uelezwe kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kumwomba afisa akisome kilichoandikwa kwa lugha mnayoielewa si utovu wa adabu. Na mkihitaji nakala, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yawaruhusu kuiomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye aandike. Ofisi hupewa siku 21 za kutoa uamuzi wake. Hesabuni siku hizo, na tarehe ya ombi muiandike.

Pili, msiulize tu mpango utaleta nini. Ulizeni pia utapita juu ya nani, naye atapewa nini, lini, na nani aliyeweka sahihi ya ahadi hiyo. Barabara ni kheri. Mtume wetu ametufunza kwamba hata kuondoa kitu chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Lakini kheri ya wengi haijengwi kwa kumwacha mjane mmoja bila chakula, wala dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kuwa mikono iliyonyooshwa ni mingi. Mpangaji naye asisahauliwe. Hana hati, lakini ana watoto, na nyumba ikivunjwa yeye ndiye wa kwanza kutoka na godoro.

Tatu, tuzitazame wakfu zetu. Msikiti, madrasa na makaburi katika miji ya bara mara nyingi vilianzishwa na wazee waliotoa kwa mdomo, kwa kuaminiana, na mashahidi wao wamekwisha kufa. Mpango unapochorwa, hakikisheni kila kiwanja cha wakfu kimeonyeshwa ramanini kwa matumizi yake, na nyaraka zake zimekusanywa mahali pamoja. Kisichoonyeshwa huhesabiwa kuwa ni uwanja mtupu.

Nne, tukumbuke kwamba mtaa si wa Waislamu peke yao. Kule Kitale jirani yako ni Mbukusu, ni Mturkana, ni Msabaoti, na huenda ibada yake si yako. Maji yakikatika yamekatika kwenu nyote. Haki ya jirani katika dini yetu yajulikana. Tusiende mkutanoni kupigania bomba la msikitini tukawaacha wenzetu wakinywa maji ya mtaro. Wala robo ile ya sahihi haipatikani kwa watu wa saffu moja tu.

Tano, baada ya mpango kupitishwa, nakala ikae mtaani. Iwekwe madrasani, au katika nyumba ya mtu anayeaminika, ijulikane iko wapi. Wachaguliwe watu wachache, na miongoni mwao wawe akina mama, wawe wakiifungua kila mwezi na kuuliza: kilichoandikwa kwa mwaka huu kimefanywa? Kama hakikufanywa, ni kwa nini? Kifungu cha 88 cha sheria ile ile ya kaunti chawapa wananchi haki ya kupeleka maombi yao kwa serikali ya kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Haki hiyo haina sharti la robo ya sahihi. Hata mtu mmoja aweza kuandika.

Narudi kwa binti yangu. Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta sebuleni na majirani zake, baadhi yao wamevaa buibui na baadhi wamejifunga leso kiunoni, wa dini mbili na makabila manne. Walikuwa wakiandika barua. Hawakuandika kwamba hawaitaki barabara. Waliandika mambo matatu: waonyeshwe ramani na kuelezwa kwa Kiswahili, waambiwe kama njia yaweza kuvutwa upande wa uwanja ulio wazi, hata kwa hatua chache, na kama haiwezekani, mama huyu na wenzake walio na alama ukutani waambiwe watalipwa nini, na lini, kabla tingatinga halijawashwa. Walitia sahihi kumi na moja. Mama mkwe, ambaye hakusoma, aliweka dole gumba, kisha akaniomba nimsomee barua yote tangu mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno.

Nilipomaliza akaniuliza, "Sheikh, hii ndiyo waliyotuuliza siku ile?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Hii ndiyo mliyotakiwa kuulizwa."

Barua imepelekwa, na siku zake zinahesabiwa kwenye kalenda ya jikoni. Majibu hayajafika ninapoandika haya. Alama nyekundu ingali ukutani, na wapangaji wawili wangali wakilipa kodi kila mwezi, wakiuliza kila mwezi kama watakuwapo mwezi ujao. Yakija majibu, nitawaeleza katika toleo la wakati huo, yawe ya kufurahisha au ya kuhuzunisha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aipe mitaa yetu viongozi wasikivu, awape akina mama zetu nguvu ya kuuliza na subira ya kungoja, na atujaalie tuwe watu ambao jirani zetu wamesalimika nasi. Amina.

Wabillahi tawfiq.